Weka Grainda Chini: Mwongozo kwa Anayetaka Gari Lake Likate Kona

Weka grainda chini. Ndiyo, wewe, kijana wa Altezza uliyekwisha kunyanyua gari kwa jeki na kumwambia fundi akate koili moja na nusu kila upande kwa sababu rafiki yako wa Sinza alikata mbili. Mwongozo huu ni wako kabla ya kuwa wa mtu mwingine. Nitakucheka humu ndani, tena waziwazi, lakini kila ninachokuambia ukifanye nataka ukifanye, kwa sababu gari hilo unampakia mama yako.

Tuanze na hicho unachotaka kukikata. Springi ya koili ni fito moja ya chuma iliyosokotwa, na ugumu wake unatokana na unene wa fito, upana wa mzunguko na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Mizunguko ikipungua, springi inazidi ugumu. Springi ya mizunguko sita ukiipunguza mmoja, ugumu unapanda kwa asilimia 20. Ukiondoa mmoja na nusu, unapanda kwa asilimia 33. Hapo ndipo wakataji wanaposhangilia na kuacha kuhesabu. Hawajahesabu upande wa pili: gari limeshuka, na nafasi ya gurudumu kupanda kabla ya kugota kwenye raba ya kizuizi, ile iliyovikwa kwenye fimbo ya shokapu, imebaki upana wa vidole viwili. Theluthi moja ya ugumu haiwezi kufidia nafasi iliyokwenda na kipande ulichokitupa sakafuni. Ukiingia kona yenye kishimo, gurudumu la nje linapanda, raba inagota, na mguu uliokuwa unacheza unageuka chuma kitupu. Tairi haliwezi tena kufuata barabara, linaruka. Gari ulilolishusha ili lishike kona linaiachia palepale ulipohitaji lishike.

Kisha kuna ncha. Mwisho wa springi umekunjwa kiwandani ili uketi kwenye kikombe chake. Wewe umeikata ncha hiyo, umebaki na kisiki. Siku fundi atakapopiga jeki kubadilisha tairi, springi italegea na kugeuka, na gari likishushwa itakaa upande. Wanaochoma springi kwa gesi ili ilale wamefanya vibaya zaidi, maana moto unaharibu ugumu ambao chuma kilipewa kiwandani, na springi ile itaendelea kulala mwezi hadi mwezi bila kuombwa.

Mnajulikana mji mzima. Kwenye tuta la Mwenge mnapita mshazari, tairi moja baada ya jingine, huku bajaji yenye abiria watatu ikiwapita na dereva wake akiwapungia mkono. Gari linaloogopa tuta halina haki ya kuitwa gari la mbio.

Jambo jingine la kushusha halionekani kwa macho. Vitz, IST, Premio, Impreza na Forester zote zina mguu wa mbele wa aina ya MacPherson, yaani springi na shokapu zimepangwa kwenye nguzo moja, na chini kuna mkono mmoja unaoshika gurudumu. Jina ni la Earle MacPherson, mhandisi wa Marekani, na Ford Consul ya mwaka 1950 ni miongoni mwa magari yaliyoueneza mguu huo duniani. Ni mwepesi, ni rahisi kuutengeneza, na una masharti yake. Gari likiwa kwenye kimo chake, mkono wa chini huwa umelala sawa au umeinama kidogo kuelekea kwenye gurudumu. Ukilishusha sana, ncha ya nje ya mkono inapanda kuliko ya ndani. Hapo kile kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona kinashuka kwa kasi kuliko uzito wenyewe unavyoshuka, kwa hiyo bodi inapata wenzo mrefu zaidi wa kulalia. Ugumu ulioununua kwa grainda unaliwa na wenzo huo. Gurudumu nalo likipanda linaacha kuinamisha kichwa chake ndani kama lilivyopangiwa, na tairodi inakwenda njia yake na mkono njia yake, hivyo gari linajikatia usukani lenyewe kila likikanyaga kibonde. Mtu anasema gari lake sasa “lina usukani mwepesi”. Si wepesi huo. Gari linakwenda linakotaka.

Kama huna budi kushusha, tafuta springi zilizotengenezwa kwa gari lako hasa, zinazoshusha milimita 20 au 30 hivi na ambazo ugumu wake unajulikana, na shokapu zinazoendana nazo. Kwa barabara zetu mimi ningeacha kimo cha kiwanda kama kilivyo na kutumia fedha hiyo mahali pengine. Nitakuonyesha mahali penyewe.

Lakini kwanza, baba wa Premio, acha kucheka. Wewe nawe nimekuona gereji ukitaka gari lipande kwa sababu njia ya kwenda kwako Goba ina makorongo. Fundi amekuambia, “Bosi, hapa tunaweka spesa tu, nusu saa unaondoka.” Na kweli uliondoka baada ya nusu saa, na vipande vya aluminiamu vya milimita 25 juu ya mauntingi. Kitovu cha uzito wa gari kimepanda, kwa hiyo kwenye kona mzigo unaohamia matairi ya nje umeongezeka kwa kama asilimia 4 na nusu. Boljointi imeinama hadi ukingoni mwa uwezo wake. Shafti za mbele zinazunguka zikiwa zimepinda kuliko zilivyokusudiwa, na buti zake za mpira ndizo zitakazochanika kwanza, grisi imwagike, mchanga uingie, halafu uanze kusikia kuta-kuta-kuta kila ukikata usukani hadi mwisho.

Na kama fundi alikuuzia zile raba nene zinazopachikwa katikati ya koili za springi, nina habari kwako. Raba ile inafunga nafasi kati ya mizunguko miwili jirani isicheze. Mizunguko isiyocheza haihesabiwi. Kwa hiyo springi yako ya mizunguko sita sasa inafanya kazi kwa mizunguko mitano au pungufu, na ugumu umepanda kwa hesabu ileile ya kijana wa Altezza. Umekata springi bila grainda. Mmefanya kitu kimoja, mmoja akashuka na mwingine akapanda, na wote wawili mna gari linalorukaruka kwenye kona.

Springi iliyochoka hubadilishwa kwa springi nzima. Mara nyingi gari la miaka kumi na tano linalokwaruza tumbo halijawahi kuwa fupi. Limelala kwa uzee tu, na springi mpya za kimo cha kiwanda zinalirudishia kile ambacho spesa ilikuwa inajifanya kukuletea.

Sasa kazi yenyewe, na inaanzia chini kabisa, pale mpira unapogusa lami.

Watu wanatumia fedha nyingi kwa springi huku matairi yao yana upepo wowote ule ambao kijana wa kituo cha mafuta aliamua siku hiyo. Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo kuna kibandiko, na kwa gari lililotoka Japani kitakuwa na namba kama 230 kPa, ambayo ni karibu 33 kwa kipimo cha psi kinachotumika huku. Hiyo ndiyo kauli ya kwanza ya mhandisi aliyelitengeneza gari lako, na umekuwa ukiifunga pamoja na mlango kila siku. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Kisha soma herufi DOT ubavuni mwa tairi, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri lakini lililotengenezwa miaka tisa iliyopita ni mpira uliokauka, na hakuna shokapu duniani itakayoufanya ushike lami yenye maji. Fedha ya koilova, zile shokapu na springi za kurekebishwa kimo, unayoiota ingenunua matairi manne mapya na chenji ingebaki.

Hapa nieleze jambo moja ambalo ndilo linalobeba mengine yote. Gari likikata kona, mzigo unahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Gari la kilo 1,300 ambalo kitovu cha uzito kipo sentimita 55 kutoka chini na upana wa magurudumu ni mita 1.48, likikata kona kwa nguvu ya sita kwa kumi ya uzito wake, linahamisha karibu kilo 290. Hakuna springi inayoipunguza namba hiyo kwa maana. Inaamuliwa na uzito, kimo, upana na kasi. Kinachobadilishwa na springi na stablaiza, ile fito inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ni mgawo tu, yaani mbele wabebe kiasi gani na nyuma kiasi gani. Na tairi lina tabia ya mpagazi wa sokoni: gunia la kwanza anakwenda nalo mbio, la pili anatembea, la tatu anasimama. Ukiliongezea mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Ekseli inayopewa sehemu kubwa ya huo mzigo unaohama ndiyo inayoachia kwanza. Ukilielewa hilo, muuzaji hawezi tena kukuuzia kipande kwa sababu ya rangi yake nyekundu.

Baada ya matairi, tafuta kilichochoka. Nenda kwenye gereji yenye shimo au ramp, mpe fundi nondo, na umwombe atikise kila kiungo mbele ya macho yako. Stablaiza linki zinagonga kwenye vishimo vidogo vya mfululizo na kwenye rasta. Boljointi inagonga kwa kishindo kimoja ukitoka kwenye tuta au ukikanyaga breki. Mauntingi za juu zinaguna na kurusha springi ukikata usukani gari likiwa limesimama. Bushi kubwa ya nyuma ya mkono wa chini ndiyo inayosahaulika zaidi, na ndiyo inayofanya gari livute upande ukikanyaga breki na lisitulie kwenye barabara kuu hata baada ya alaimenti tatu. Gari ambalo bushi zake zimeisha halina mpangilio wowote wa kurekebisha, maana kila gurudumu linaelekea linakosukumwa.

Na sasa nawageukia mafundi wangu, kwa heshima na kwa sauti kubwa. Bushi ya mpira imegandishwa kwenye pipa lake la nje na kwenye bomba lake la ndani. Haizunguki, inajisokota tu. Mnapokaza bolti ya mkono gari likiwa linaning'inia hewani, bushi inafungwa ikiwa imenyooka kwa mguu unaoning'inia. Gari likishuka chini, mpira unajisokota na kubaki umejisokota saa zote, usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana mteja anarudi baada ya miezi minne na mpira uliochanika, mnamwambia kwamba bushi ilikuwa feki. Huenda ilikuwa orijino kabisa. Pachikeni bolti bila kukaza, shusheni gari likae kwa uzito wake, litikiseni mara mbili tatu, kisha kazeni likiwa limesimama kwa miguu yake. Ni dakika kumi za ziada. Mwenye gari, simama hapo uangalie hizo dakika kumi; ni kazi muhimu kuliko kuangalia simu.

Bushi za poliyurithani zina wapenzi wengi Nairobi na Dar es Salaam, hasa wenye Subaru. Zinashika gurudumu kwa uthabiti na zinadumu zikipakwa grisi yake maalumu. Lakini zinapitisha kila changarawe hadi kwenye meno ya abiria. Kwenye stablaiza ziweke bila wasiwasi. Kwenye ile bushi kubwa ya mkono wa chini, ambayo kazi yake ni kumeza pigo la shimo, kwa gari la kila siku napendelea mpira.

Shokapu ndizo zinazokula fedha nyingi na kueleweka kidogo. Springi inabeba uzito. Shokapu haibebi kitu. Kazi yake ni kutuliza. Springi ikibonyezwa inataka kurudi na kupitiliza, na shokapu inalazimisha mafuta kupita kwenye vitundu vidogo, nguvu ile igeuke joto. Ikifa, gurudumu linadunda, na tairi lililo hewani halikati kona wala halishiki breki. Kwa hiyo mtu anayesema “shokapu zimekufa ila gari bado linakwenda” anaendesha gari lenye matairi manne kwa nusu ya muda.

Kile kipimo cha kubonyeza boneti na kuhesabu gari linacheza mara ngapi kinakamata maiti tu. Shokapu iliyopoteza nusu ya nguvu hukipita vizuri. Angalia zaidi: mafuta yaliyolowanisha mwili wa shokapu, tairi lenye vibonde vya kupokezana ukilipapasa kwa kiganja, pua ya gari inayoendelea kuelea baada ya kibonde ukiwa kwenye mwendo, usukani unaotetemeka kwenye rasta. Ukibadilisha, badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, na mauntingi na raba za kizuizi ziwe mpya papo hapo, kwa kuwa kazi ya kufungua ni ileile. Springi ifunguliwe kwa kibanio chake maalumu. Anayeifungua kwa waya na maombi atafute kazi nyingine, kwa sababu springi iliyobanwa inaweza kumuua.

Kuhusu pa kununulia, kuanzia maduka ya Kariakoo na Shaurimoyo hadi Kirinyaga Road kule Nairobi, utakutana na shokapu za mtumba kutoka Japani zilizopigwa brashi zikang'aa. Usinunue. Mlango wa mtumba, taa ya mtumba, hata injini ya mtumba nakuelewa. Shokapu ya mtumba ni kifaa kilichokwisha kutumika kwa kazi ileile inayokichosha, na hakuna anayejua kimebakiza nini. Nunua mpya. Kayaba, kampuni ya Kijapani iliyoanza mwaka 1919 na ambayo sasa inaandika jina lake KYB, ndiyo iliyofunga shokapu za kiwandani kwenye magari mengi tunayoagiza, na zile zake za kawaida zenye bomba mbili na gesi ya mgandamizo mdogo zinatosha kwa watu wengi. Bilstein wa Ujerumani walijenga jina kwa shokapu ya bomba moja na gesi ya mgandamizo mkubwa, iliyotokana na kazi ya Mfaransa Christian Bourcier de Carbon. Ile inavumilia joto vizuri zaidi kwenye barabara ya vumbi ndefu, na bei yake inakuambia hivyo hata kabla hujauliza. Boksi la jina kubwa kwa bei ya kutupa ni feki. Linganisha namba ya kipande iliyogongwa kwenye chuma na ile iliyoandikwa kwenye boksi, na uangalie uchomeleaji. Feki hujisaliti kwenye uchomeleaji.

Wenye Forester za 2002 hadi 2007 wasikilize peke yao. Baadhi ya gari hizi zilikuja na shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe gari likipakiwa mzigo. Kwa kuwa shokapu ile inasaidia kubeba, tofauti na nilivyosema juu, springi yake ilifanywa dhaifu kwa makusudi. Zinapokufa, bei ya mpya inamtisha mwenye gari, anafungiwa shokapu za kawaida na springi zilezile dhaifu. Mkia unalala, taa za mbele zinamulika matawi ya miti, na fundi anatoa dawa anayoijua: spesa. Dawa ya kweli ni kubadilisha springi za nyuma pia, ziwe za Forester ile isiyo na mfumo huo. Zinapatikana, na hazina gharama ya kutisha.

Sasa swali la ugumu, ambalo ndilo lililokuleta. Kijana anaamini kwamba gari gumu ndilo linalokata kona. Basi tazama mashindano yaliyozaliwa kwetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikiitwa Coronation Safari, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Joginder Singh aliishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978. Wazee wanaoikumbuka 504 wanakumbuka miguu yake mirefu na laini, gari linalolala kwenye kona bila kuachia, na shokapu zenye nguvu ya kuzuia ulaini huo usigeuke kuyumba. Tangu mwaka 2021 mashindano yale yako tena kwenye ubingwa wa dunia, kule Naivasha, na magari yanayoshinda yanasimama juu, yana nafasi kubwa ya gurudumu kupanda na kushuka. Hata kwenye lami laini ya Ulaya, Colin Chapman wa Lotus alijenga sifa ya magari yake ya barabarani kwa springi laini na shokapu zenye mamlaka. Barabara ikiwa mbaya, mshiko ni wa gurudumu linaloruhusiwa kucheza.

Gari la kawaida la starehe bodi yake hupanda na kushuka kwa mwendo wake wa asili kama mara 60 hadi 90 kwa dakika. Ukizidi 120 umeingia eneo la magari ya mbio, na mgongo wako utakujulisha. Maurice Olley, Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce kwenda kufanya kazi Cadillac mwanzoni mwa miaka ya 1930, alionyesha kwamba nyuma inapaswa kuwa na mdundo wa haraka kidogo kuliko mbele, kwa kuwa gurudumu la mbele hukutana na tuta kwanza na nyuma lazima ilifikie ili bodi itulie pamoja. Kwa hiyo wewe unayefunga springi ngumu mbele tu kwa sababu fedha iliishia hapo, umeununua mwendo wa farasi. Badilisha nne, au usibadilishe.

Kama shida yako ni gari kulala sana kwenye kona huku likiwa zuri kwenye vishimo, kipande chako ni stablaiza. Hapa unene ni kila kitu, maana ugumu wake unakua kwa unene kujizidisha wenyewe mara nne. Stablaiza ya nyuma ya milimita 20 badala ya 17, milimita tatu tu, ni ngumu kwa asilimia 92 zaidi. Hakuna mahali pengine kwenye gari unapopata mabadiliko makubwa hivyo kwa fedha hiyo bila kugusa kimo.

Na uchaguzi wa mbele au nyuma unarudi kwa yule mpagazi. Gari lako likigoma kukata, pua ikisukumwa nje ya kona hata ukizidisha usukani, mbele kumezidiwa. Ongeza ugumu nyuma, nyuma ichukue sehemu ya mzigo. Mkia ukitoka, fanya kinyume. Magari mengi yaliyotoka kiwandani yana tabia ya pua kwenda nje, na hiyo ilipangwa. Dereva akishtuka huachia mafuta, mzigo unakwenda mbele, mkia unakuwa mwepesi. Ukiwa umekaza nyuma kupita kiasi, siku ya mvua ya kwanza, lami ina utelezi wa mafuta ya miezi, utaachia mafuta kwenye mteremko wa Kitonga na kuliona lori ulilolipita kupitia kioo cha mbele. Bakisha pua kidogo. Anayesema anataka gari lenye mkia na hajawahi kufundishwa kulirudisha aanze na mafundisho.

Alaimenti ni ya mwisho, baada ya kila kipande kipya kuwekwa. Ukiifanya kabla umelipa bure. Wengi wanaridhika usukani ukinyooka, na hapo kazi haijaanza. Dai karatasi yenye vipimo vyote vya kabla na baada. Nyuma ipimwe kwanza. Kemba, yaani kuinama kwa kichwa cha gurudumu, ikiwa nusu digrii hadi digrii moja kuelekea ndani inatosha sana kwa gari la barabarani. Yale magari yenye magurudumu yaliyotanuka miguu yanakata kona kwa ukingo wa tairi na kununua matairi kila msimu. Tou, yaani magurudumu kutazamana au kupeana mgongo, iwe karibu na sifuri au yatazamane kidogo. Yakipeana mgongo, gari linaitikia usukani haraka, kisha linakosa utulivu Chalinze kwenda Segera na kula tairi upande wa ndani, usiouona ukiwa umesimama. Papasa. Kwenye Subaru bolti ya juu inayoshika shokapu ya mbele ina umbo la kuzungushwa kurekebisha kemba. Kwenye Vitz haipo, fundi asikuambie ameirekebisha.

Mwenye fedha za koilova, sikia mawili. Kuzungusha kikombe cha chini ili kubana springi ya kawaida hakuifanyi iwe ngumu zaidi. Kunabadilisha kimo. Ugumu uko kwenye chuma. Na kitufe cha shokapu usikizungushe hadi mwisho wa “ngumu” ili kujisikia umenufaika. Anzia kwenye laini kabisa. Tafuta barabara moja unayoijua, yenye kona na kibonde, saa isiyo na watu, kwa mwendo halali. Ongeza klik mbili mbili mpaka bodi iache kuelea baada ya kibonde, halafu simama hapo. Ukiendelea, gurudumu litaanza kugongagonga, na hapo umepita.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Andika kwenye daftari upepo wa matairi, namba ya klik, mzigo uliokuwemo. Mtu aliyefunga springi, stablaiza na matairi Jumamosi moja hawezi kukuambia Jumapili ni kipi kilichosaidia, na ndiye atakayekuwa wa kwanza kukushauri kijiweni.

Springi mpya hujilaza kidogo katika wiki za mwanzo. Baada ya kilomita elfu moja hivi, rudi gereji, kila bolti iliyofunguliwa ikaguliwe kwa spana ya kupimia nguvu, kuanzia nati za juu za mauntingi kwenda chini, kisha alaimenti irudiwe kwa karatasi mpya.